Safi, Pita

Mimi nina mdomo, sikatai. Uani wananiita Mkasi, na si kwa sababu tu nashona nguo. Kwa hiyo nikisema makofi yananitia kinyaa, usikimbilie kusema sina shukrani. Ungekaa kwanza kwenye ua wetu siku zile za ugonjwa, ukaona nilichokiona, halafu ndiyo tuzungumze.

Ua wenyewe una vyumba vya wapangaji pande tatu, bomba moja katikati, na nyumba ya mama mwenye nyumba mbele, karibu na geti. Sisi tulikuwa na vyumba viwili na stoo. Nilikuwa naishi na wifi yangu, mke wa kaka, pamoja na mtoto wao wa miaka mitano. Kaka ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mipaka ilipofungwa ilimfungia upande wa pili, akabaki kuwa sauti ya kwenye simu. Wifi ni muuguzi. Mtoto tunamwita Chiriku, na nikikwambia kwamba alikuwa anaongea mpaka usingizini utajua jina limetoka wapi.

Wifi alipopangiwa wodi ya wagonjwa waliotengwa, alirudi nyumbani na utepe mwekundu wa kunata. Baraza yetu imezungushiwa ukuta: ukiingia kutoka uani unakuta mlango wa stoo, kisha unapiga hatua chache ndiyo ufike mlango wa vyumba. Akaubandika ule utepe sakafuni hapo katikati, ukuta hadi ukuta.

"Huku upande mchafu, huku upande safi," akasema. "Kama kazini."

"Wifi, hii ni nyumba, wewe umeifanya uwanja wa mpira."

Akacheka, lakini utepe haukutoka. Akatueleza kanuni yao. Mtu akitoka kwa wagonjwa anavua mavazi yake moja moja, ananawa, anaoga, lakini haruhusiwi kujisemea mwenyewe kwamba ametakata. Lazima awepo mwenzake upande wa pili wa mstari, ndiye mwangalizi. Mwangalizi anamkagua mbele, anamgeuza nyuma, anatazama viganja, kucha, nyayo, halafu anasema kwa sauti, "Safi, pita." Bila hilo neno hupiti, hata uwe bosi wa hospitali nzima.

"Ukichoka unajidanganya," wifi alisema. "Ndiyo maana jicho linakuwa la mwenzako."

Chiriku akalidaka hilo kama pipi. Siku ileile akajiteua kuwa mwangalizi wa nyumba. Wifi akirudi anaoga bafu la uani, anatumbukiza nguo kwenye ndoo ya maji ya klorini pale karibu na stoo, kisha anasimama kwenye utepe, mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Na yule mtoto alikuwa hana huruma, jamani.

"Geuka. Onyesha kucha. Hii nini?"

"Alama ya kalamu, bosi."

"Kanawe tena."

Wifi anarudi kunawa kweli, na uchovu wake wote. Halafu ndiyo inatoka ile sauti, "Safi! Pita!" na mtoto anamrukia mama yake shingoni, na mimi naanza kulalamika kwamba chakula kinapoa.

Mchezo ukaendelea hivyo mpaka mwangalizi wa wifi kule wodini, rafiki yake wa tangu chuoni, alipougua. Hakumaliza hata wiki. Siku waliyomzika wifi alirudi, akaoga, akaja barazani, lakini hakusogea kwenye utepe. Alisimama ameegemea mlango wa stoo.

"Geuka!" Chiriku akaamuru.

Wifi hakugeuka. "Usinisogelee," akasema. "Mama ni mchafu."

"Kanawe."

"Nimenawa. Bado ni mchafu."

Akaingia stoo, akafunga mlango. Tangu siku hiyo akahamia humo, katikati ya magunia na matairi ya kaka. Chakula nilikuwa nasukuma sahani mpaka kwenye utepe, narudi nyuma, ndiyo anakuja kuchukua. Kila Chiriku aliposogea, wimbo ulikuwa uleule: usinisogelee, mama ni mchafu. Nikamwambia, wifi, mtoto haelewi. Akanijibu, "Akielewa au asielewe, mimi nataka aishi."

Wakati huohuo ndipo makofi yakaanza. Redio ilitangaza kwamba kila jioni watu watoke nje wawapongeze wahudumu wa afya. Basi mama mwenye nyumba akatoka na sufuria kubwa na mwiko wa chuma, akaipiga mpaka masikio yakaziba. "Mashujaa wetu! Mashujaa wetu!" Wapangaji nao wakamfuata, huyu na kifuniko, huyu na beseni. Ungedhani kuna harusi. Yakiisha makofi, wifi akitoka na ndoo kwenda bombani, ua wote unabaki mtupu kama umefagiwa. Watu wanaondoka na ndoo nusu. Anayekutana naye njiani anakumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Jioni wanamvika kilemba cha ukoka, asubuhi wanampisha njia kama gari la taka.

Lakini hayo yalikuwa ya wifi, na wifi ni mtu mzima, anajikaza. Lililonikata maini ni la mtoto.

Asubuhi moja Chiriku alitoka na kikombe chake kwenda bombani, mimi nikiwa mlangoni naanika nguo za mteja. Wajukuu wa mama mwenye nyumba walikuwa wanacheza pale. Nikasikia sauti kutoka barazani kwake.

"Nyie! Njooni huku! Msimguse huyo, mchafu kama mama yake!"

Kisha akashuka mwenyewe na tambara. Akafuta koki ya bomba palepale, mtoto akiwa amesimama anatazama na kikombe chake kitupu, akalibeba lile tambara kwa ncha za vidole mpaka jalalani, pua ameikunja utafikiri kashika panya aliyeoza.

Damu ikanichemka. "Mama mwenye nyumba, jana jioni ulikuwa unampigia nani sufuria?"

"Ah, Mkasi nawe. Kushangilia ni kushangilia, tahadhari ni tahadhari."

Kwa macho makavu! Sijui kama umewahi kumwangalia mtu mzima, mwenye mvi na wajukuu, ukahisi kama umekanyaga kitu kibichi na huna viatu. Nikamtolea uvivu. Nikampa vidonge vyake vyote, vya asubuhi, mchana na jioni, mpaka wapangaji wakafungua madirisha kusikiliza. Nikarudi ndani kifua mbele, nikijiona nimeshinda. Chiriku alikuja nyuma yangu, hakusema neno.

Na tangu hapo hakusema tena, au tuseme alisema kwa kupimapima. Maswali yakakatika. Hadithi zikakatika. Siku moja alikuja kwenye cherehani yangu, akanigusa kiwiko.

"Shangazi, nishonee gauni la mikono mirefu. Mpaka huku." Akanionyesha ncha za vidole.

"Mpaka huko? Utashikaje kitu?"

"Nataka hivyo."

Nikamshonea, nikamwekea na marinda kwenye mikono, akalivaa kila siku. Akaanza kula kwa kijiko. Akaanza kukataa nisimwogeshe, eti yeye mkubwa. Nami nikampigia kaka simu nikamwambia binti yako anakua vizuri, ana heshima, hasumbui. Ndiyo akili zetu watu wazima, mtoto akizimika tunasema ametulia.

Hatimaye ugonjwa ukalegea, wodi ikafungwa. Wifi akapimwa, akapimwa tena, majibu mazuri. Alikuja nyumbani mchana kweupe, akapiga magoti barazani, akaubandua utepe kwa kucha zake. Aliubandua wote, akabaki na donge jekundu mkononi, akacheka mwenyewe. Kisha akafungua mikono.

"Chiriku, njoo. Mama ametakata."

Mtoto akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. "Sitaki."

"Njoo, mama yangu."

"Sitaki! Usiniguse!"

Akakimbilia chini ya meza ya cherehani. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Wifi akinyoosha mkono, mtoto anaruka kama ameona moto. Wifi akiketi kwenye kiti, Chiriku hakikalii kile kiti. Alihamia kitandani kwangu, analala ameshikamana na ukuta, mbali hata na mimi. Wifi hakulia mbele yake. Alikuwa anakwenda bafuni, anafungua maji, anakaa huko.

Katikati ya hayo ndiyo wakaja wakubwa wa hospitali. Mkurugenzi, msaidizi wake, kijana wa kamera, na bango la kitambaa limeandikwa SHUJAA WETU kwa herufi za dhahabu. Mama mwenye nyumba alivaa nguo ya kutokea, akajibanza karibu na kamera, akaanza kuwaeleza jinsi tunavyoishi kwa upendo hapa uani, kama familia moja. Nikameza mate machungu.

"Sasa," akasema yule wa kamera, "mtoto atoke mlangoni akimbie, amkumbatie mama. Tunataka hisia."

"Mtoto hataki," nikasema.

"Watoto wanapenda kamera, dada. Msogezeni tu."

Msaidizi akamshika Chiriku mabegani, akamsukuma kuelekea kwa mama yake, huku anatabasamu. Wifi alikuwa amesimama chini ya bango, hajui mikono aiweke wapi. Chiriku akajikaza, akatikisa kichwa, macho yamemtoka. Akasukumwa tena. Walipobakiza hatua moja akatapika, akatapika vizuri kabisa, juu ya viatu vya mkurugenzi vilivyong'arishwa.

Siku nyingine ningecheka mpaka nilale chini. Ila mama mwenye nyumba akashika mashavu, akasema kwa sauti ya huruma, kila mtu akasikia:

"Masikini! Mtoto anamwonea mama yake kinyaa."

Nilimtazama wifi. Sijawahi kuona uso ukidondoka namna ile. Wakubwa wakafuta viatu, wakampiga picha peke yake na bango, wakaaga haraka. Shujaa akaachiwa kitambaa na matapishi.

Nikapiga deki. Nilipoingia chumbani nikamkuta wifi anapanga vigauni vya Chiriku kwenye begi.

"Unafanya nini?"

"Kesho nampeleka kwa mama yangu. Akae na bibi yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka atakaponitaka. Kama atanitaka." Alikuwa anakunja kigauni kilekile, anakikunjua, anakikunja. "Wifi, nimesafisha watu ambao ndugu zao walikataa hata kuchungulia mlangoni. Sikuwahi kumwonea mtu kinyaa hata siku moja. Sasa naonewa kinyaa na niliyemzaa. Siwezi kumlazimisha mtoto anishike wakati nikimkaribia anatapika."

"Acha wazimu. Ukimpeleka sasa, ndiyo atajua kweli umemkataa."

"Yeye ndiye amenikataa mimi!"

Tukapandishiana sauti. Na hapo kati ndiyo tukamwona Chiriku mlangoni, anatazama begi. Akageuka, akaenda zake taratibu. Wifi akajifuta uso, akaendelea kupanga. Nikakaa kitandani.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tuliposikia kitu barazani. Krrr. Kimya. Krrr. Wote tulikuwa tunaujua ule mlio. Tukatoka.

Chiriku alikuwa amepiga magoti sakafuni na utepe mwekundu uliosalia kwenye kigurudumu chake, anauvuta, anaukata kwa meno, anaubandika palepale ulipokuwa, ukipinda huku na huku. Alikuwa upande wa stoo. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa wazi, na ndani juu ya magunia niliona mto wake na kikombe chake.

"Mwanangu, unafanya nini?" Wifi akapiga hatua.

"Usinisogelee!" Loo, ilikuwa sauti ya wifi mwenyewe, ileile ya siku ya mazishi. "Mimi ni mchafu."

Wifi akasimama kama aliyepigwa. Mimi ndiye niliyeuliza. "Nani kakwambia wewe mchafu?"

"Mama mwenye nyumba. Siku ile bombani."

"Si nilimjibu?"

"Ulimgombeza. Hukusema mimi ni safi."

Mkasi mzima, maneno yote yale, na hilo moja sikulisema.

"Nilinawa," Chiriku akaendelea, na sasa yakamtoka mengi kuliko aliyowahi kusema tangu siku ile. "Nilinawa na maji ya ndoo ya mama, yale yanayonuka. Kila siku nilinawa. Lakini hakuna mtu aliyesema safi. Na huwezi kujisemea. Na mama alikuwa mchafu, hawezi kuwa mwangalizi. Na shangazi hajui kukagua. Halafu mama akatakata, na mimi nikimgusa atachafuka, atarudi stoo tena." Akavuta kamasi. "Msinipeleke kwa bibi. Mimi nitakaa humu. Nitakula kwenye mstari."

Basi kumbe kinyaa kile alikuwa anajionea yeye mwenyewe. Tumbo la mtoto wa miaka mitano lilikuwa limegeuka kwa hofu ya kumchafua mama yake, na sisi wazee wazima tulikuwa tumesimama pale tunajadili nani amemkataa nani. Nilitamani kuvunja kitu.

Wifi hakuvuka utepe. Pale niliona muuguzi ni mtu gani. Mimi ningeshavuka, ningemkumbatia, ningeharibu kila kitu. Yeye akajifuta macho kwa mkono wa blauzi, akasogea mpaka kwenye mstari, vidole vya miguu vikaugusa, akasimama wima.

"Mwangalizi nipo," akasema. "Onyesha mikono."

Chiriku akamtazama, hana uhakika. Kisha akaanza kukunja mikono ya lile gauni nililomshonea, marinda na yote. Nikaziba mdomo. Vile havikuwa viganja vya mtoto. Vilikuwa vyekundu, vimepasuka kwenye maungio, ngozi inabanduka katikati ya vidole, kama vya mtu aliyefulia watu maisha yake yote. Klorini ilikuwa imevila taratibu, mbele ya macho yangu, ndani ya nguo niliyoishona kwa mikono yangu.

Nilidhani wifi ataanguka.

"Geuza," akasema. Mtoto akageuza. "Kucha." Akamwonyesha kucha. "Nyuma." Akageuka. "Nyayo." Akainua mguu mmoja, akayumba, akashika ukuta, akainua wa pili. Wifi alikagua kila kitu, pole pole, hakuruka hata kidole. Mtoto naye alikuwa anamfuatilia kwa macho, kuhakikisha hadanganyi.

Hapo ndipo makofi yakaanza uani. Jioni ilikuwa imefika, na mama mwenye nyumba na sufuria yake hawakosi.

"Safi, pita," wifi akasema, lakini sauti ilikatika.

"Sijasikia," Chiriku akasema.

"Safi... pita."

"Lazima kwa sauti. Sijasikia."

Nje walikuwa wamepamba moto. Mashujaa wetu! Mashujaa wetu! Vifuniko, mabeseni, mwiko wa chuma. Mtoto alikuwa amesimama na mikono yake iliyochunika, anasubiri neno moja tu, na wale wanafiki wanalifunika kwa kelele za shukrani. Wifi akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"SAFI! PITA!"

Sufuria ikanyamaza. Ua wote ukanyamaza.

Chiriku akaweka mguu mmoja juu ya utepe, akamwangalia mama yake kama atabadilisha mawazo. Akaweka wa pili. Halafu akawa shingoni, na wifi akakaa chini sakafuni naye hivyohivyo, anaipuliza ile mikono, anaipuliza tu.

Mlango wa uani ukasukumwa. Ni mama mwenye nyumba, mwiko mkono huu, sufuria mkono huu.

"Kuna usalama humu? Tumesikia ukelele."

Akasogea ndani mpaka akaufikia utepe, akasita, akatuchekea. Chiriku akainua kichwa kutoka begani kwa mama yake. Akamtazama vizuri kutoka juu mpaka chini.

"Onyesha mikono," akasema.

Yule mama akacheka kidogo, jinsi watu wanavyowachekea watoto, akaiweka sufuria chini, akanyoosha mikono yake. Chiriku akaikagua bila haraka, viganja, kisha kucha. Alichukua muda mpaka kicheko kikamwisha yule mama usoni.

"Kanawe," Chiriku akamwambia.

Nami nikamwonyesha bomba liliko.